Jinsi redio za kibiashara zilivyoingia katika nchi ya majani chai

WAKALENJIN huenda ndio jamii pekee nchini Kenya ambayo jina lake la pamoja lilienezwa na redio. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mapema katika miaka ya 1940, mtangazaji aliyeitwa John Chemallan alikuwa akizungumza na watu wake kwa lugha yao katika matangazo yaliyotoka Nairobi, na alizoea kutumia neno "kalenjok", yaani "nawaambia". Hadi wakati huo Wakipsigis, Wanandi, Watugen, Wakeiyo na ndugu zao hawakuwa na jina moja la kuwakusanya. Maafisa wa kikoloni waliwataja tu kama makabila yanayozungumza Kinandi. Wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance na viongozi chipukizi walilipenda neno hilo wakalishika, na kufikia mwaka wa 1948 kulikuwa na Muungano wa Wakalenjin mjini Eldoret.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka kuelewa ni kwa nini suala la redio huwa zito mno katika kaunti za Kericho na Bomet. Jamii iliyopata jina kutokana na sauti ya mtangazaji haiwezi kumchukulia mtangazaji kama mtu wa kuleta burudani tu. Hata hivyo, miaka 60 hivi ilipita kabla ya kituo cha kibinafsi kinachotumia lugha yao kusikika hewani. Katika kipindi hicho kirefu, ruhusa ya kusema "nawaambia" ilikuwa mikononi mwa serikali. Baadaye iliuzwa sokoni kama bidhaa nyingine yoyote, na hatimaye ikafikishwa mbele ya majaji wa kimataifa mjini The Hague.

Kampuni ya walowezi

Utangazaji ulianza Kenya mwaka wa 1928 chini ya kampuni iliyojulikana kama British East African Broadcasting Company. Walengwa walikuwa walowezi wa Kizungu waliotamani habari za kwao na muziki wa kuwaliwaza katika mashamba yao ya mbali. Ni vyema ieleweke, basi, kwamba biashara haikuingia redioni juzi. Chombo cha kwanza kabisa kilikuwa kampuni, na baadaye kazi hiyo ikashikwa na kampuni nyingine, Cable and Wireless. Kilichokosekana ni wateja, kwa kuwa Wazungu walikuwa wachache, nao Waafrika hawakuhesabiwa.

Miaka hiyo hiyo, koloni jingine la zamani la Uingereza lilikuwa likipita njia tofauti kabisa. Nchini Australia vituo vya kwanza vilianza mwaka wa 1923 kwa mpango wa ajabu ambapo msikilizaji alilipia kituo kimoja tu, na redio yake ikafungwa kwa lakiri ili isiweze kupokea kingine. Wananchi waliukataa. Kuanzia mwaka wa 1924 vituo viligawanywa katika madaraja mawili. Vya daraja A viligharimiwa na ada ya leseni waliyotozwa wasikilizaji, na vya daraja B vikajitafutia riziki kwa matangazo ya biashara. Vile vya kwanza ndivyo vilivyozaa shirika la umma la ABC mwaka wa 1932, ilhali vile vya pili vikawa mizizi ya redio za kibiashara za nchi hiyo. Kituo cha 2UE cha Sydney, kwa mfano, kimekuwa hewani tangu 1925. Waaustralia kwa hivyo walikua na redio mbili, moja ya umma na nyingine ya mfanyabiashara, tangu mwanzo. Mkenya alisubiri hadi 1996.

Sababu ya kusubiri ilikuwa ya kisiasa. Serikali ya kikoloni iligundua thamani ya redio ilipohitaji kuwafikia Waafrika, kwanza vitani, kisha wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Idhaa maalumu ya Waafrika ilianzishwa mwaka wa 1953. Mwaka wa 1959 huduma zote zikawekwa chini ya idara moja, na mwaka wa 1961 likaundwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Uhuru ulipopatikana, serikali mpya ilikuta chombo kikiwa tayari, ikakipenda kwa sababu zile zile zilizomfanya mkoloni akipende. Mwaka wa 1964 shirika lilitaifishwa likaitwa Sauti ya Kenya.

Sauti ya Kenya ilikuwa na Idhaa ya Taifa kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiingereza, huku lugha nyingine zikigawiwa saa chache chache katika huduma za mikoa. Wasikilizaji wa Kericho waliwekwa katika huduma ya magharibi iliyotoka Kisumu, ambako Kikalenjin kilipishana na Kijaluo, Kiluhya, Kikisii na lugha nyinginezo. Aliyetaka kusikia lugha yake alilazimika kuijua saa yake na kuisubiri. Ikipita, imepita.

Watu wengi husahau kwamba redio hiyo ya serikali ilikuwa pia na duka lake. Ilirusha matangazo ya biashara. Iliuza nafasi za salamu, na mashabiki wakawa wananunua kadi, wakijaza majina ya jamaa na marafiki hadi nafasi inaisha. Na ilisoma matangazo ya vifo, ambayo kwa familia iliyotawanyika kati ya Sotik, Nakuru na Mombasa yalikuwa ndiyo njia ya uhakika ya kuwajulisha watu siku ya mazishi. Hakuna tangazo la sabuni lililosikilizwa kwa makini kama orodha ile ya marehemu.

Asubuhi ya Agosti 1, 1982, wanajeshi wa angani walioasi walikimbilia studio za Sauti ya Kenya kabla ya kwenda kwingineko, wakamlazimisha mtangazaji mashuhuri Leonard Mambo Mbotela kuwatangazia wananchi kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa. Jaribio hilo lilizimwa siku hiyo hiyo. Lakini somo ambalo utawala ulijifunza lilikuwa la kuishikilia redio kwa nguvu zaidi.

Santuri za Kericho

Nchi ya majani chai haikuwa kimya katika miaka hiyo. Mashamba makubwa yaliyofunguliwa na kampuni za Kiingereza tangu miaka ya 1920 yalileta mishahara, na mishahara ikaleta gramafoni. Mwaka wa 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na kurekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha". Huyo hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huko kwa santuri na jina lake likalainishwa na ndimi za wenyeji hadi likawa la Kikipsigis. Wasichana hao walimwazia kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Nakala za rekodi hizo zilirejeshwa Kapkatet mwaka wa 2015, na baadhi ya wazee waliokuwapo wakati wa kurekodi walizisikia tena.

Baadaye mji wa Kericho wenyewe ukawa kituo cha biashara ya muziki. Duka la Chandarana, lililoendeshwa na familia ya Wakenya wenye asili ya Kihindi, lilirekodi na kuuza santuri za wanamuziki wa Kikipsigis, Kijaluo, Kiluhya na wengineo hasa tangu miaka ya 1970. Benga ya Wakipsigis, ambayo marehemu Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et waliifanya ipendwe, ilipitia katika ulimwengu huo wa maduka, studio ndogo na matatu. Santuri za Chandarana hutafutwa leo na wakusanyaji wa Ulaya kwa bei ambayo wapigaji gitaa wale hawakuiota.

Kulikuwa na soko, basi, kulikuwa na wasanii, na kulikuwa na wasikilizaji. Kilichokosekana ni kituo. Wimbo wa Kikipsigis ulikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia redioni, nao ni zile saa chache za Kisumu. Mtayarishaji mmoja akiamua kutoucheza, santuri ilibaki dukani.

Masafa yafunguliwa

Majirani wa Kenya walitangulia. Uganda iliruhusu redio za kibinafsi mwaka wa 1993, Sanyu na Capital zikiwa za kwanza jijini Kampala. Tanzania ilifuata kwa Radio One mwaka wa 1994. Mwaka huo huo ulimwengu ulishuhudia jinsi kituo cha kibinafsi cha RTLM nchini Rwanda kilivyotumiwa kuchochea mauaji ya kimbari. Jina la RTLM lingetajwa mara nyingi nchini Kenya katika miaka iliyofuata, wakati mwingine kwa hofu ya kweli na wakati mwingine kama kisingizio cha kuwanyima watu masafa.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi Kenya Desemba 1991, lakini leseni za utangazaji ziliendelea kutolewa kwa siri na kwa wachache. Capital FM ilipoingia hewani jijini Nairobi mwaka wa 1996, ikiwa redio ya kwanza ya kibinafsi nchini, ilizungumza Kiingereza na kucheza muziki wa Kimarekani. Serikali haikuwa na la kuogopa. Masafa ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na huzuiwa na milima, kwa hivyo aliyekuwa upande wa pili wa Bonde la Ufa hakuisikia hata kidogo. Mchuma majani chai wa Kericho aliendelea na KBC.

Mambo yalibadilika kwa kasi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilianza kazi mwaka wa 1999. Shirika la Nation likafungua redio yake mwaka huo. S. K. Macharia wa Royal Media Services akaanza kueneza Citizen kwa Kiswahili katika maeneo ambayo wawekezaji wengine waliyaona kuwa ya mashambani mno. Kati ya mwaka wa 2000 na 2001 kampuni hiyo ilizozana vikali na serikali kuhusu masafa na ada, na mitambo yake ikazimwa kwa muda.

Pigo la mwaka wa 2000, hata hivyo, lilikuwa Kameme FM. Kituo hicho kilichoanzishwa na Rose Kimotho kilikuwa cha kwanza cha kibinafsi kutangaza kwa lugha ya mama, Kikikuyu. Wenye mali wa Nairobi walicheka mwanzoni. Waliacha kucheka walipoona watangazaji wa bidhaa wakipanga foleni. Rais Moi alitaka redio za kibinafsi zitumie Kiswahili na Kiingereza pekee, akisema lugha za makabila zingeugawanya umoja wa taifa. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa, kwamba redio ya serikali yenyewe ilikuwa imetangaza kwa lugha hizo hizo kwa miongo kadhaa. Kilichokuwa kipya ni mwenye redio.

Moi alistaafu Desemba 2002 na malango yakafunguka. Royal Media ilizindua vituo vya lugha za mama kimoja baada ya kingine: Inooro, Ramogi, Mulembe, Egesa, Musyi na, kwa Wakalenjin, Chamgei FM, jina lililotokana na salamu yao ya kila siku. Kabla ya mwisho wa 2005 kilikuwa pia kimeingia hewani Kass FM, cha mfanyabiashara Joshua Chepkwony, ambaye pia ni mwenye kampuni ya mawasiliano ya Jamii. Kass maana yake ni "sikia". KBC nayo, iliyokuwa na lugha hiyo kwa miaka mingi bila kuithamini, ikajibu kwa Kitwek FM.

Hesabu ya biashara ilikuwa rahisi. Kampuni ya simu, benki au mwuza mbolea aliyetaka kumfikia mkulima wa Litein angeweza kununua dakika katika redio ya taifa na kuwalipia pia wasikilizaji wa Lamu asiowahitaji. Kituo cha lugha ya mama kilimuuzia mkulima huyo peke yake. Kampuni za utafiti kama Steadman zilipoanza kuhesabu wasikilizaji kwa eneo na lugha, ikadhihirika kuwa umati ulikuwa umehama. Redio ndogo za betri zilizojaa masokoni, na baadaye simu za mkononi zenye kipokezi cha FM, zilimwezesha hata kibarua kusikiliza akiwa katikati ya michai.

Jambo moja halijazungumziwa vya kutosha. Katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba makubwa ya Kericho, Mkipsigis amekuwa akiishi ukuta kwa ukuta na Mkisii, Mjaluo na Mluhya, na kwa miaka mingi wote walisikiliza taarifa moja ya habari ya saa moja jioni kwa Kiswahili. Kufikia mwaka wa 2007 kila mlango ungeweza kuwa na kituo chake. Egesa, Ramogi, Mulembe na Chamgei zilitoka katika kampuni moja jijini Nairobi na zikauza bidhaa zile zile, lakini kila moja ilizungumza na jirani mmoja bila wengine kuelewa.

Simu ya msikilizaji

Redio hizi zilileta kitu ambacho Sauti ya Kenya haikuwahi kukitoa, nacho ni nafasi ya msikilizaji kujibu. Vipindi vya asubuhi vilifungua laini za simu, na mkulima ambaye hakuwahi kuombwa maoni na yeyote isipokuwa karani wa sensa akajikuta akizungumza na nusu ya mkoa. Huu ndio uliokuwa utajiri halisi wa vituo hivyo. Ndio uliokuwa hatari yao pia. Watangazaji wengi walikuwa vijana waliochaguliwa kwa ufasaha wa lugha na ucheshi, na wachache walikuwa wamesomea uanahabari. Hawakuwa na mtambo wa kuchelewesha sauti ili kumkata mchochezi kabla hajasikika.

Dalili zilionekana mapema. Novemba 2005, wakati wa kampeni ya kura ya maoni kuhusu katiba, serikali iliizima Kass FM kwa madai ya uchochezi, kisha ikairuhusu kurudi. Hakuna kanuni zilizowekwa baada ya hapo za kuamua ni kauli gani ya hewani ni uchochezi na ipi ni siasa kali. Kila upande ulijiandaa kwa uchaguzi uliofuata.

Desemba 30, 2007, muda mfupi baada ya Mwai Kibaki kutangazwa mshindi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja katika redio na runinga zote. Marufuku hayo yalidumu hadi Februari. Machafuko yaliyofuata yaliwaua watu 1,133, kwa mujibu wa Tume ya Jaji Philip Waki, na kuwafurusha mamia ya maelfu. Katika mashamba ya chai ya Kericho, wafanyakazi kutoka jamii nyingine walishambuliwa na kukimbia. Mauaji ya mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, mjini Eldoret Januari 31, 2008, yaliuwasha moto upya mjini Kericho na vitongoji vyake.

Tume ya Waki ilipokea malalamishi dhidi ya redio kadhaa za lugha za mama, za Kikalenjin na za Kikikuyu. Lakini ni mtangazaji mmoja tu aliyefikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Joshua arap Sang, aliyekuwa akiendesha kipindi cha asubuhi cha Lene Emet katika Kass FM, alishtakiwa pamoja na William Ruto. Upande wa mashtaka ulidai kwamba alikitumia kipindi hicho kusambaza chuki na kusaidia mipango ya mashambulizi. Sang alikana. Kesi ilianza Septemba 10, 2013, na Aprili 5, 2016, majaji wawili dhidi ya mmoja waliisitisha kwa sababu ushahidi haukutosha. Uamuzi huo haukuwa wa kumtangaza kuwa hana hatia, na kulikuwa na malalamiko mazito kwamba mashahidi walikuwa wameingiliwa.

Mashabiki wa Sang waliona kwamba mtangazaji wao ameonewa. Waathiriwa waliona kwamba hakuna aliyewajibika. Yeyote anayeandika historia hii bila kuyaweka maoni hayo mawili bega kwa bega atakuwa ameandika nusu yake. Jambo lisilopingika ni kwamba kesi yenyewe iliugeuza utangazaji wa lugha ya mama kuwa kazi ya kuogopewa na waliokuwa ndani yake. Sheria ya utangamano wa kitaifa ya mwaka wa 2008 iliharamisha matamshi ya chuki, na marekebisho ya sheria ya mawasiliano yaliyotiwa saini Januari 2009 yakaweka masharti ya leseni za utangazaji kwa mara ya kwanza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 34, ikaizuia serikali kuingilia vyombo vya habari.

Bonasi na bei ya dakika

Siasa zikipoa, mada inayojaza laini za simu katika nchi ya chai ni malipo. Wakulima wadogo wanaouza majani yao kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, kama vile Kapkatet, Litein, Momul na Toror huko Kericho, au Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek huko Bomet, hupokea malipo ya mwisho wa mwaka ambayo wao huyaita bonasi. Kiasi cha Kericho na Bomet kimekuwa kikiwa chini kuliko kile cha Kirinyaga na Murang'a. Viongozi wa sekta hutaja ubora wa majani na bei ya mnada wa Mombasa. Wakulima hutaja mambo mengine, na huyataja hewani kwa majina. Vivyo hivyo kuhusu mashine za kuchuma chai, ambazo zilikuwa chanzo cha ghasia na kuteketezwa kwa mitambo mjini Kericho Mei 2023.

Hapa ndipo lugha ya mama inapothibitisha faida yake bila ubishi. Ugonjwa hatari wa mahindi ulipogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza, mwaka wa 2011, ulikuwa Longisa, Bomet. Mkulima wa eneo kama hilo anahitaji kuelezwa dalili za ugonjwa kwa maneno anayoyatumia shambani, na mtaalamu wa Nairobi hana maneno hayo. Kuna mzozo pia wa lahaja ambao wageni hawauoni. Mkipsigis hulalamika kwamba watangazaji huongea Kinandi mno, Mkeiyo hulalamika kwamba Kipsigis imetawala, na mtangazaji hujikuta akitafuta Kikalenjin cha katikati ambacho hakizungumzwi nyumbani kwa mtu yeyote. Neno la Chemallan bado linaendelea kutengenezwa.

Wanamuziki wamenufaika kwa kusikika zaidi kuliko kwa kulipwa. Nyimbo za Kikipsigis ambazo zamani zilisubiri saa ya Kisumu sasa huchezwa usiku na mchana, na waliozitunga hupata mialiko ya harusi na mikutano ya kisiasa. Ada za hakimiliki zinazokusanywa na mashirika ya wasanii zimekuwa chanzo cha manung'uniko yasiyokwisha kote nchini, na msanii wa Bomet hana bahati zaidi ya mwenzake wa Kisumu au Machakos.

Wenye vituo nao hawajastarehe. Runinga ilihamishwa kwa lazima hadi mfumo wa dijitali mwaka wa 2015, lakini redio imebaki kwenye FM, ambako masafa yamejaa na bei ya dakika imeporomoka. Makanisa, wafanyabiashara wa miji midogo na wanasiasa wameanzisha vituo vyao. Kampuni za kamari zilikuwa zimekuwa mlipaji mkubwa hewani, hata vipindi vya watoto kwenda shule vikakatizwa na mwito wa kucheza bahati nasibu, hadi bodi inayosimamia kamari iliposimamisha matangazo hayo kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025. Serikali kwa upande wake iliagiza Machi 2024 kwamba matangazo yake yapelekwe KBC pekee, agizo lililopingwa mahakamani. Nao vijana wa Kericho walio Marekani na Ulaya husikiliza vituo vya nyumbani kwa intaneti, jambo linalowapa wenye vituo fahari lakini si fedha nyingi.

Studio kuu za Kass na Chamgei zilijengwa Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kericho, karibu na ofisi za watoaji wa matangazo. Habari za Sotik na Londiani husafiri hadi jijini, zikapangwa na kusomwa, kisha zikarudishwa kwa mitambo iliyo kwenye vilima vya Bonde la Ufa. Vituo vidogo vilivyozaliwa Kericho na Bomet hujaribu kushindana kwa kuwa karibu. Mapato yao mengi hutoka kwa wahubiri wanaonunua saa nzima, kwa maduka ya pembejeo, na kwa yale matangazo ya vifo ambayo, tofauti na salamu za kadi, bado hulipiwa na kusomwa kila jioni.